Kutoka uwanja wa shule hadi chuo cha Marekani: njia ya mwanafunzi mwenye kipaji cha michezo

Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, ambako nyumba zimepanda milima ya mawe na chini yake ni ziwa. Jioni, penye kipande chochote cha ardhi tambarare, utakuta watoto wanacheza. Na penye mtoto anayecheza vizuri kuliko wenzake, siku hizi hakosekani mtu wa kumwambia mzazi: "Huyu nitampeleka Marekani. Nina kocha kule. Inatakiwa pesa kidogo tu ya kuanzia."

Wazazi wanatuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Jibu letu lina sehemu mbili. Njia ya kwenda kusoma Marekani kwa sababu ya michezo ipo kweli, ina kanuni zilizoandikwa, na Watanzania wameipita tangu miaka ya 1970, akiwemo mtoto wa kando ya ziwa hili letu. Lakini njia hiyo haianzi kwa pesa ya mzazi kuingia mfukoni mwa mtu. Inaanza kwa daftari la shule.

Katika makala haya tunaeleza njia hiyo hatua kwa hatua: jinsi mchezaji anavyotafutwa, nini kinakaguliwa, na wapi familia nyingi huumizwa.

Kwa nini chuo kinatafuta wachezaji?

Kwetu timu kubwa ni klabu: Simba, Yanga, Pamba Jiji. Marekani nako klabu zipo, lakini vyuo vikuu navyo vina timu zinazofuatwa na mamilioni ya watu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unabeba zaidi ya watu 100,000. CCM Kirumba hata ukijazwa mara mbili, watu hao wote wangeingia pale na nafasi ingebaki.

Kwa hiyo vyuo huajiri makocha, na kazi kubwa ya makocha hao ni kutafuta wanafunzi wenye vipaji na kuwapa ufadhili wa masomo ili wachezee chuo. Mwanafunzi anasoma na kucheza kwa wakati mmoja.

Chombo kikubwa kinachosimamia michezo hiyo kinaitwa NCAA. Kina vyuo vipatavyo 1,100, vilivyogawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza na la pili hutoa ufadhili wa michezo. Daraja la tatu halitoi, ingawa mwanafunzi anaweza kupata msaada kwa sababu ya masomo yake au hali ya kipato cha familia. Vyuo mashuhuri kama Harvard na Yale, japokuwa viko daraja la kwanza, navyo havitoi ufadhili wa michezo. Nje ya NCAA kuna chombo kingine kiitwacho NAIA, na vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA. Hivi vya miaka miwili tutavitaja tena, maana vimewainua wengi waliokuwa wamekataliwa kwingine.

Kwotabeki: mchezaji anayetafutwa kuliko wote

Ili kuelewa jinsi utafutaji unavyokwenda, tumtazame kwanza kijana wa Kimarekani mwenyewe, tena yule anayegombewa zaidi: kwotabeki.

Katika mpira wa Kimarekani kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na mpira hurushwa na kubebwa mikononi. Kwotabeki ndiye kiongozi wa ushambuliaji. Mpira humfikia yeye kwanza, naye ndani ya sekunde chache huamua: aurushe mbali, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Nafasi yake inafanana na ya golikipa kwa jambo moja: anacheza mmoja tu. Timu ikishampata wa kumwamini, wengine hukaa benchi. Ndiyo maana chuo huchukua kwotabeki mmoja au wawili tu kwa mwaka, na makocha huwahi kumtafuta.

Sekondari ya Marekani ni miaka minne. Kijana huanza kucheza mwaka wa kwanza au wa pili, na michezo yake hurekodiwa. Likizo za kiangazi huenda kwenye kambi za mazoezi zinazoandaliwa na vyuo, ambako makocha humwona kwa macho yao. Kampuni za kuchambua wachezaji humpa nyota, kuanzia moja hadi tano. Kwa mpira huo, makocha wa daraja la kwanza huruhusiwa kuanza kumwandikia moja kwa moja kuanzia tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Baadaye hualikwa kutembelea chuo. Anaweza kutamka kwamba amechagua chuo fulani, lakini ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala chuo. Kinachofunga ni maandishi, na kwa mpira huo wengi husaini Desemba ya mwaka wao wa mwisho.

Hata hivyo, wanaofika ni wachache. Zaidi ya vijana milioni moja hucheza mpira huo katika sekondari za Marekani. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, kati ya kila 100, wapatao 7 ndio huendelea kucheza katika vyuo vyake. Na kati ya 100 wanaocheza vyuoni, hawafiki 2 wanaoingia ligi ya kulipwa. Mmarekani mwenyewe, aliyezaliwa ndani ya mfumo huo, hana uhakika. Mtu anayekuhakikishia nafasi ukiwa Igogo anakuhakikishia kitu ambacho hata wao hawanacho.

Mtoto wa mkulima aliyekataliwa

Kuna kwotabeki mmoja ambaye habari zake zinawafaa wasikilizaji wa vijijini. Anaitwa Josh Allen. Alikulia Firebaugh, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la California, na familia yake ilikuwa na shamba, pamba ikiwa moja ya mazao yake. Alifanya kazi shambani kama watoto wa kwetu wa Kwimba na Magu.

Alipomaliza sekondari hakuna chuo hata kimoja cha daraja la kwanza kilichompa ufadhili. Alitamani kuchezea chuo cha Fresno, jirani na kwao, nacho hakikumtaka. Akaenda Reedley, chuo cha miaka miwili, akacheza huko mwaka 2014. Kisha akakaa chini akawaandikia barua pepe makocha wa vyuo mbalimbali nchini, mmoja baada ya mwingine, akiwatumia video zake. Kati ya wote hao, vyuo viwili tu ndivyo vilivyompa nafasi: Eastern Michigan na Wyoming. Alipokwenda kutembelea Wyoming, Eastern Michigan wakaondoa nafasi yao. Ikabaki moja.

Alikwenda Wyoming. Mwaka 2018 alichaguliwa wa 7 kuingia ligi ya kulipwa, akajiunga na Buffalo Bills, na kwa msimu wa 2024 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Tunapata mambo mawili kwake. La kwanza, hakumlipa mtu amtafutie chuo: aliandika mwenyewe. La pili, chuo kidogo cha miaka miwili hakikuwa aibu, kilikuwa ngazi.

Wa kwetu waliopita njia hiyo

Mpira wa Kimarekani hauchezwi katika shule zetu, hivyo Watanzania walipita kwa michezo mingine.

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria. Miguu yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas kilichoko mji wa El Paso. Akiwa mwanafunzi huko, alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1980, aliiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baadaye alishinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akarudi kuwa kocha na kiongozi wa riadha nchini. Hakuwa peke yake. Gidamis Shahanga, mshindi wa dhahabu ya mbio ndefu katika Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alisoma chuo hicho hicho. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha jimbo la Washington.

Hasheem Thabeet yeye alipita kwa mpira wa kikapu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kikapu akiwa kijana wa sekondari, umri ambao Wamarekani wengi wanakuwa wameshacheza miaka kadhaa. Alikwenda Marekani kumalizia sekondari, akamaliza Houston mwaka 2006, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa urefu wake wa mita 2.21 na bidii ya kuzuia, alitajwa mlinzi bora wa kanda yao mara mbili, 2008 na 2009. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 nchi nzima na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA. Huko hakudumu kileleni: ndani ya msimu wake wa kwanza alishushwa kwenda ligi ya chini kukomaa, kisha akahamahama timu. Tunalisema hili si kwa kumshusha. Tunataka mzazi ajue kwamba hata aliyefika juu kabisa anahitaji kitu kingine mkononi baada ya mpira.

Mchezo upi unampa mtoto wa kwetu nafasi?

Kwa vyuo vya NCAA, michezo iliyo karibu na watoto wetu ni riadha, mpira wa kikapu, soka, wavu na kuogelea. Mpira wa pete haumo, ingawa wasichana wetu wengi ni hodari. Ngumi nazo hazimo. Ukimsikia mtu anaahidi ufadhili wa NCAA kwa mpira wa pete, ujue hajui asemalo au anajua na anakudanganya.

Wasichana wana nafasi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu. Kwa sababu hiyo vyuo vilifungua timu nyingi za wanawake. Kwa miaka mingi, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa ufadhili 14 kwa soka ya wanawake na 9.9 tu kwa wanaume. Kwa riadha ilikuwa 18 kwa wanawake na 12.6 kwa wanaume. Mwaka 2025 viwango hivyo viliondolewa kwa vyuo vilivyoingia katika mfumo mpya, na badala yake ukawekwa ukomo wa idadi ya wachezaji katika kikosi. Lakini fedha ya kocha bado ina mwisho, na bado anaigawa.

Ufadhili unaweza kuwa nusu

Mzazi akisikia "amepata ufadhili" hudhani kila kitu kimelipwa. Si hivyo siku zote. Tazama hiyo namba 9.9 ya soka ya wanaume. Kikosi kina wachezaji zaidi ya 20, hivyo kocha aliugawa ufadhili vipande vipande: huyu nusu, yule robo. Michezo mingi iko hivyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo kinagharimu dola 40,000 kwa mwaka, na mtoto amepewa nusu. Zinabaki dola 20,000. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi milioni 50, kila mwaka, kwa miaka minne. Na chuo hakitatoa hati ya kuombea viza mpaka kione uthibitisho wa nani atakayelipa kilichobaki.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza kocha ni hili: ufadhili huu unalipa nini na haulipi nini? Ufadhili kamili hulipa ada, malazi, chakula na vitabu. Nauli ya ndege na gharama za viza mara nyingi hubaki kwa familia. Swali la pili: ni wa mwaka mmoja au zaidi? Ufadhili mwingi hutolewa mwaka kwa mwaka. Majibu yote mawili yawe kwa maandishi ya chuo chenyewe.

Mambo yanayokaguliwa

Kocha anaweza kumpenda mchezaji na bado asiweze kumchukua. NCAA ina kituo chake cha kuhakiki kila mwanafunzi anayetaka kucheza daraja la kwanza au la pili. Kinatazama mambo haya.

Masomo. Mwanafunzi awe amesoma masomo ya msingi 16 ya ngazi ya sekondari, yakiwemo, kwa daraja la kwanza, Kiingereza cha miaka minne, hisabati ya miaka mitatu na sayansi ya miaka miwili, kila mwaka wa somo ukihesabiwa kama somo moja. Wastani wake usipungue 2.3 kwa daraja la kwanza, au 2.2 kwa daraja la pili, katika kipimo cha Marekani ambacho juu kabisa ni 4.0. Vyeti vya kila nchi vinapimwa kwa utaratibu wa nchi hiyo. Maana yake, kila muhula kuanzia kidato cha kwanza una uzito. Mtoto anayeruhusiwa kukimbia hisabati kwa sababu "yeye ni wa mpira" anafungiwa mlango na watu wanaompenda.

Muda. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA zimehesabu muda tangu mwanafunzi alipotakiwa kumaliza sekondari. Katika michezo mingi, anayekaa mtaani zaidi ya mwaka mmoja huku akicheza mashindano hupoteza msimu wa kucheza chuoni. Nyambui alikuwa na miaka 26 aliposhinda kwa mara ya kwanza mbio za vyuo. Leo kijana wa umri huo angekuta njia nyembamba sana.

Malipo. Kocha atauliza: umewahi kusaini mkataba na klabu na kulipwa? Kanuni za jambo hili zimekuwa zikibadilika haraka. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Lakini mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo anabanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kufanya kazi, na malipo ya klabu kabla ya chuo bado yanaweza kumletea matatizo. Kabla kijana hajasaini karatasi ya klabu yoyote, kama ana nia ya chuo, aulize kwanza.

Kiingereza. Vyuo vingi hutaka mtihani wa Kiingereza kama TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo. Mtihani wa SAT uliondolewa katika masharti ya NCAA mwaka 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuuhitaji.

Majina matatu, mtoto mmoja

Hapa ndipo wengi wa kwetu hukwama. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu lililoandikwa kwa herufi nyingine. Mwaka wa kuzaliwa nao umepishana, kwa sababu mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kwa kukadiria, au kocha wa shule alimpunguzia umri ili acheze mashindano.

Kwa afisa wa viza au mhakiki wa NCAA, hao ni watu watatu. Kupunguza umri kunampa mtoto kombe la wilaya leo na kunaweza kumnyima chuo kesho. Rekebisha mapema, akiwa bado kidato cha kwanza au cha pili. Cheti cha kuzaliwa hutolewa chini ya RITA, na unaweza kuanzia wilayani. Majina ya mtihani hurekebishwa kupitia shule kabla ya usajili wa NECTA kufungwa. Baada ya mtihani kazi huwa kubwa zaidi.

Jinsi ya kuonekana ukiwa mbali

Hatua ya kwanza iko hapa hapa: mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanayoanzia shuleni, yakapanda wilaya, mkoa hadi taifa. Mwanafunzi atunze matokeo yake: muda wa mbio, urefu wa kuruka, alama za mchezo, jina la mashindano na tarehe. Kwa riadha, muda ulioandikwa rasmi unazungumza kuliko maneno yoyote.

Ya pili ni video. Simu ya kawaida inatosha. Ishike kwa ulalo, mkono usitikisike, chukua mchezo ukiwa juu kidogo ya uwanja ili makocha waone anavyojipanga, si mpira tu. Tengeneza kipande cha dakika tatu au nne, yaliyo bora yatangulie, na umweke alama mchezaji mwenyewe mwanzoni ili ajulikane ni yupi. Usiweke muziki wa kelele. Mchezo mzima uhifadhiwe pia, maana kocha makini atauomba.

Ya tatu ni barua pepe. Kila chuo huweka majina na anwani za makocha wake kwenye tovuti yake. Mwanafunzi aandike kwa Kiingereza chepesi na cha heshima: jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, mwaka atakaomaliza, mchezo na nafasi yake, vipimo vyake, wastani wa masomo, na kiungo cha video. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuisoma kabla haijatumwa. Atume kwa vyuo vingi, vikubwa na vidogo, na vya miaka miwili visisahauliwe. Wengi hawatajibu. Hiyo ni kawaida.

Ya nne, afungue akaunti katika kituo cha kuhakiki cha NCAA. Ipo ya kuanzia isiyo na malipo. Ile ya kulipia hulipiwa kwenye tovuti yenyewe, haipiti kwa mtu wa kati.

Wakala wa kweli na wa uongo

Chukua mfano wa mzazi wa Igogo mwenye mtumbwi na mashine. Anaambiwa alete milioni tatu, mtoto ataondoka mwezi ujao. Anauza mashine. Mwezi ukifika anaambiwa kuna "ada ya dharura ya ubalozi". Anauza nyavu. Mtoto ameacha shule, kwa sababu ameshawaaga wenzake. Mwisho wake simu haipokelewi. Nyumba hiyo imepoteza vitu vitatu: pesa, kazi, na mwaka wa shule wa mtoto. Cha mwisho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu ndicho kilichokuwa tiketi yenyewe.

Zipo kampuni halali zinazomsaidia mwanafunzi kuandaa video na barua, zikatoza ada inayojulikana. Lakini kanuni za NCAA zinakataza mtu kulipwa kwa sharti la kumpatia mwanafunzi ufadhili, au kuchukua sehemu ya ufadhili huo. Anayesema "utanilipa nikishampatia chuo" anaweza kumharibia mtoto sifa ya kucheza.

Dalili za kutilia shaka ni hizi: anadai pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, anahakikisha nafasi au viza, anaharakisha, leo leo, hataki uongee na kocha wala chuo, anataka kushika pasipoti na vyeti halisi, anapendekeza kubadili umri, anataka kuondoka na mtoto, hasa wa kike, bila mzazi wala mwalimu kujua aendako. Hiyo ya mwisho si habari ya michezo tena. Tanzania ina sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu tangu 2008, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Nenda pale.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Tafuta mwenyewe tovuti ya chuo, chukua anwani ya kocha iliyoandikwa pale, si ile uliyopewa, umwandikie: je, mnamjua mwanafunzi huyu, na mnamjua mtu huyu? Mwalimu wa michezo au mkuu wa shule anaweza kusaidia kuandika.

Na soka ya Ulaya je?

Wengi wa vijana wetu ndoto yao ni klabu, si chuo. Kanuni huko ni nyingine. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa jambo lisilohusu mpira. Anayetaka kumpeleka kijana wa miaka 15 kusajiliwa na klabu ya Ulaya anakueleza jambo ambalo kanuni inalizuia. Mawakala wa soka wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na leseni hiyo inaweza kuhakikiwa.

Mwanza tuna mfano wa kuviunganisha viwili hivi: shule za Alliance, zinazolea vipaji vya soka huku watoto wakisoma. Mtoto wa namna hiyo milango yake yote miwili iko wazi.

Viza ni uamuzi wa mwingine

Chuo kikishamkubali mwanafunzi, hutoa hati iitwayo I-20. Hati hiyo hutolewa na chuo pekee. Ada zinazofuata hulipwa kwa serikali ya Marekani kwa utaratibu wake, na mwanafunzi huhojiwa ubalozini. Kocha hana uwezo wa kutoa viza, wala wakala. Masharti kwa raia wa nchi mbalimbali yamekuwa yakibadilika na kukazwa miaka ya karibuni, kwa hiyo angalia taarifa ya ubalozi wenyewe kabla ya kutumia shilingi yoyote.

Akikosa, amepata nini?

Hebu turudi kwenye kile kipande cha ardhi tambarare cha Igogo. Watoto wengi wanaocheza pale hawatakwenda Marekani, kama ambavyo watoto wengi wa Kimarekani hawafiki huko juu. Lakini tazama njia yenyewe inadai nini: asome hisabati na Kiingereza kila muhula, vyeti vyake viwe na jina moja, umri wake uwe wa kweli, ajifunze kuandika barua yenye heshima, asikate tamaa akikosa jibu. Mtoto aliyefanya hayo yote na chuo cha Marekani kisimchukue, bado ana vyeti vya kumwingiza chuo cha hapa hapa nchini, na bado mtumbwi wa baba yake uko majini.

Aliyempa wakala mashine ya mtumbwi akakosa, hana hata kimoja.